Kiti kisichokaliwa

Kwanza nieleze neno, kwa sababu neno lenyewe ndilo lililoniumbua. Sisi tunaounda roboti za plastiki hatuna muda wa kusema "sanduku la vipande vya roboti ambavyo mtu huviunga mwenyewe". Tunasema kiti. "Kiti yangu imefika." "Nani anauza kiti ya Zaku?" Grupu yetu ya WhatsApp ina watu 14, wengi wa Nairobi, wawili wa Mombasa, na mimi peke yangu wa Machakos. Sidhani kuna hata mmoja wetu aliyewahi kukumbuka kwamba nje ya hiyo grupu kiti ni kitu cha kukalia.

Basi dada yangu mdogo alikuwa ameshika simu yangu, anaangalia picha, meseji ikaingia: kiti yako iko kwa matatu, itafika saa kumi. Akaenda nyumbani akamwambia mama. Mama akafurahi kweli. Chumba changu mjini hakijawahi kuwa na kiti, mgeni hukalia kitanda au mtungi wa maji, achague mwenyewe. Jumapili hiyo Mwaitu akaja na muthokoi kwenye hotpoti, akaingia, akatazama kila kona (si kona nyingi), akauliza, "Kiti kiko wapi?"

Kilikuwa juu ya meza, kimesimama, urefu wa sentimita 12 na nusu, kimeshika bunduki.

Ungecheka. Mimi pia ningecheka, ila dada yangu hakuwa kwangu siku ile kwa matembezi. Alikuwa kidato cha tatu, amefukuzwa shule kwa sababu ya baki ya karo, shilingi 4,200. Mama alikuwa amenipigia Jumanne. "Mwanangu, uko na kitu?" Na mimi nikajibu, "Mwaitu, sina." Kiti nilikuwa nimekilipia Jumatatu. Shilingi 3,800, pamoja na nauli ya kifurushi.

Nataka kulijadili hilo neno, sina. Lakini lazima kwanza uelewe kile kitu chenyewe, maana ukidhani ni midoli tu utanihukumu haraka sana, na mimi nataka unihukumu polepole.

Roboti yenyewe ni Gundam. Ilianza kama katuni ya televisheni Japani mwaka 1979, kazi ya Yoshiyuki Tomino, na ilikatwa baada ya vipindi 43 kwa sababu watazamaji walikuwa wachache. Kilichoifufua ni marudio ya katuni hiyo, pamoja na viti. Bandai walianza kuviuza Julai 1980, yen 300 kwa kimoja, na hadi leo havijakoma. Kwenye sanduku utaona namba 1/144. Maana yake ni kwamba ile mashine ya kwenye hadithi ina urefu wa mita 18, nawe umepewa sehemu moja kwa 144 ya urefu huo. Piga hesabu, inatoka sawasawa. Mimi hizo hesabu hunipa raha isiyo na sababu.

Ukifungua, hukuti roboti. Unakuta fremu za plastiki, vipande vimeshikana kama samaki wadogo kwenye kijiti, kila kimoja na namba yake. Unakikata (wenye pesa wana koleo maalum, mimi nina kikata kucha), unalainisha kidonda kwa msasa, unakibana na mwenzake. Hakuna gundi. Ukikosea unasikia kabla ya kuona, kwa sababu mlio wa kipande kilichoingia vizuri ni mmoja tu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naandika: maelezo ya bidhaa, blogu za watu wengine, insha kama hii mara mojamoja. Kazi yangu haiishi. Unatuma, inarudi, "boresha kidogo", unatuma tena, pesa inakuja baada ya siku 45 au haiji. Kiti kinaisha. Usiku mmoja, saa tano hadi saa nane, na kitu kinasimama mezani ambacho hakikuwepo.

Halafu kuna hadithi yenyewe. Neno roboti lilitoka kwenye tamthilia ya Mcheki Karel Čapek ya mwaka 1920, na kwao robota ni kazi ya kulazimishwa, ile wazee wetu wa pwani waliita shokoa. Tomino alifanya kitu kingine. Mashine zake hazina akili wala roho. Ni kama matingatinga, zinatengenezwa kwa wingi, zinaharibika, na ndani ya kila moja ameketi mtu. Ndani ya Gundam ya kwanza ameketi kijana wa miaka 15 ambaye hakuomba kuwa pale. Huyo ndiye aliyenishika. Nje unaona chuma kikubwa, ndani ni mtoto anayeogopa.

Sasa, sina.

Angalia jinsi Kiswahili kinavyoliachilia hilo neno. Linasimama peke yake. Hulazimiki kusema huna nini. Ukisema "sina pesa" umesema jambo linaloweza kuchunguzwa, lakini "sina" pekee yake ni mlango uliofungwa kwa upole. Kila mtu hapa hulitumia. Makanga akikuomba mia, sina. Jirani akitaka kukopa, sina. Na kila anayelisikia hujua kwamba mara nyingi maana yake ni "sina ya hiyo". Kwa hivyo kwa muda nilijitetea hivyo: sikudanganya, nilitumia lugha kama inavyotumika. Sikuwa na pesa ya karo. Nilikuwa na pesa ya kiti, tena hata hiyo ilikuwa imeshatoka.

Utetezi mzuri. Ungeshinda kesi nao. Lakini makanga hajawahi kulala njaa ili mimi nile.

Kule chuoni kuna somo moja tu nililohudhuria bila kuvutwa, falsafa ya maadili, na huko ndiko nilikomkuta Peter Singer, Mwaustralia. Mwaka 1972 alichapisha insha kuhusu njaa, akiwawaza watu wa Bengali Mashariki. Anasema hivi, kwa maneno yangu: ukipita karibu na kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia hata kama nguo zitachafuka, na hakuna atakayekusifu kwa hilo, ni wajibu. Sasa mtoto akiwa mbali, nchi nyingine, na pesa zako za anasa zingemwokoa, umbali unabadilisha nini? Hakuna, anasema Singer. Darasani tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga.

Ninachokiona leo ni kwamba ile insha iliandikiwa mtu ambaye kidimbwi chake kiko mbali. Mtu wa namna hiyo kazi yake ni kukumbuka. Sisi wengine kazi yetu ni kusahau. Kidimbwi kina namba yangu. Kinapiga Jumanne, kinapiga mwisho wa mwezi, kinatuma "tafadhali nipigie". Akizama mmoja ukamtoa, kuna binamu nyuma yake, na paa la bibi, na mazishi ya mtu ambaye huwezi hata kukumbuka sura yake. Ukimfuata Singer hadi mwisho ukiwa Machakos, hutabaki na nguo za kuchafua. Kwa hivyo naamini, na bado naamini baada ya yote haya, kwamba maskini pia ana haki ya kitu kisicho na faida. Asipokuwa nacho anageuka bomba tu, pesa inaingia huku inatokea kule.

Na tuseme ukweli mwingine. Ningekunywa zile 3,800 na marafiki, au nizichomee kwa mchezo wa ile ndege ya kubeti, hakuna ambaye angeniita mtoto. Nina rafiki aliyepoteza karibu mara nne ya hizo kwa usiku mmoja, na hadithi yake husimuliwa kwa kicheko. Roboti ndiyo aibu. Maze, sijui kwa nini. Labda kwa sababu pombe huisha, lakini roboti inabaki pale juu ya meza inakushtaki.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mchongaji, Wamunyu, ile njia ya kwenda Kitui. Historia ya pale inajulikana: Mutisya Munge alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kijijini, na baada ya miaka kadhaa Wamunyu nzima ilikuwa inakula kwa tezo na msasa. Muhugu, mpingo, na ilipokuwa vigumu kuipata hiyo, mjakaranda na mwarobaini. Babu alichonga twiga. Twiga tu, kwa dazeni, wote shingo moja, urefu mmoja, kama wametoka kiwandani. Baba yangu na shangazi zangu watano walisomeshwa na shingo za twiga.

Nilimpelekea roboti yangu ya kwanza, miaka miwili iliyopita. Aliigeuza taratibu, akapitisha kidole gumba palipokatwa, akapata mahali ambapo sikupiga msasa vizuri. Alipenda viungo vya magoti, alivikunja na kuvinyoosha mara nyingi. Kisha akauliza, "Wewe hapa umefanya nini?" Nikamwambia nimeunga. Akasema, "Ee. Walikupa na majibu."

Nilichukia, lakini ni kweli. Yeye kwa mikono yake aligeuka kiwanda ili wageni wapate twiga wanaofanana. Mimi nanunua kitu cha kiwandani ili usiku nijisikie fundi. Na kuna jambo nililoligundua nikitoka kwake siku hiyo. Nyumba yake haina twiga. Hakuna hata mmoja, wala aliyevunjika sikio. Kwa miaka yote ile, wale twiga walikuwa mapambo kwenye rafu za watu wa Ulaya na Marekani, vitu visivyo na faida yoyote kwa aliyenunua, na faida yote ikawa yetu. Mtu fulani kule alijiruhusu kununua kitu cha bure, ndiyo maana baba yangu anajua kusoma. Lakini Babu mwenyewe hakujiruhusu. Nimejaribu kuifanya hiyo iwe hoja upande wangu. Kila nikiishika inanigeukia.

Turudi Jumapili. Mwaitu alikuwa bado amesimama, hotpoti mkononi. Nikamwambia, "Ndicho hiki." Nikaeleza neno, grupu, kila kitu. Alikaa kwenye mtungi. Akaichukua ile roboti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyemjua.

"Hii inajiendesha?"

"Hapana. Kwenye hadithi kuna mtu ndani. Anakaa hapa, tumboni."

"Kwa hivyo kiti kipo," akasema. "Ila ni cha huyo."

Sikujua kama anatania. Akauliza bei. Ningeweza kusema mia nane na angeamini. Nikasema elfu tatu na mia nane. Hakujibu. Aliiweka chini mahali ilipokuwa, akahakikisha imesimama. Akafungua hotpoti, akanipakulia, tukala. Katikati ya chakula akasema, si kama analaumu, kama anatoa habari, "Mwalimu wao wa hesabu ameanza matriki."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na si kununua roboti. Ningemwambia Jumanne, "Ninayo, Mwaitu, lakini nimeiweka kwa kitu changu," angenikasirikia. Angesema maneno mazito, na pengine mimi pia. Labda angenishinda na ningeomba pesa irudishwe, labda ningemshinda. Lakini angekuwa ndani ya ule uamuzi. Nilipomwambia sina, nilimfanya mtu mwenye haki ya kunidai aonekane kama mtu anayeomba mahali pasipo na kitu. Alikata simu akiniombea nipate. Aliniombea, buda, wakati risiti ya M-Pesa iko kwenye simu ileile.

Dada alikaa nyumbani siku 9. Mama alikopa kwa chama, na riba yake nimeilipa mimi. Wiki ile niliiweka roboti kwenye grupu, 2,500, imeundwa tayari. Mse mmoja wa Mombasa akajibu ndani ya dakika mbili. Nikafuta tangazo. Sisemi nilifanya vizuri. Sikutaka tu ijifanye adhabu, kwa sababu 2,500 wakati ule haingerudisha siku hata moja, ingenipa mimi usingizi tu.

Kabla ya kuondoka Mwaitu aliuliza kama nina kazi na lile sanduku. Ni sanduku gumu, katoni nzuri, na juu yake picha ya Gundam akiruka angani. Nikamwambia achukue. Kumbe liko chini ya kitanda chake, lina risiti za karo. Dada ananiambia hata zile zangu za chuo zimo, zote, hadi ile ya mwisho.

Jumamosi anakuja hapa tunafanya matriki. Mimi nakaa kitandani, yeye kwenye mtungi. Roboti tumeihamishia dirishani, maana meza ni ndogo na madaftari ni mengi.