Hakuna matata, na hela ya ada ya mdogo wangu



Nawaandikia kutoka Pemba, kaskazini kabisa, ambako nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Kazi yangu kubwa ni kutabasamu. Mgeni akishuka kwenye gari namwambia jambo. Akiuliza umeme unarudi saa ngapi namwambia hakuna matata, akinishukuru namwambia tena hakuna matata. Kwa siku naweza kuyasema maneno hayo mara ishirini. Mpemba mwenyewe hasemi hivyo. Yeye atakwambia hapana neno, au hamna taabu, basi. Hayo mengine ni Kiswahili cha wageni. Them Mushrooms wa Kenya waliyatia kwenye wimbo wao wa Jambo Bwana mwaka 1982, halafu Wamarekani wakayafanya wimbo ndani ya katuni ya The Lion King mwaka 1994. Disney wakafika mpaka kuyasajili kule kwao kama alama yao ya biashara. Mali ya nani sijui, tuyaache.

Sasa, alikuja bibi mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, mchangamfu. Alikuwa ameiona The Lion King kule London mara nne, si katuni, ule mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Mimi naijua katuni tu, niliiona kibanda umiza kwetu Lushoto nikiwa mdogo. Bibi akatoa tableti, tukakaa kwenye kibaraza, akanionyesha vipande na kunisimulia vilivyobaki.

Mchezo huo ulifunguliwa New York mwezi Novemba 1997 na mpaka leo haujafungwa. Umechezwa pale zaidi ya mara elfu kumi, na duniani kote umeshaonwa na watu zaidi ya milioni 100. Aliyeuongoza ni mama mmoja, Julie Taymor, na alifanya jambo ambalo sikulitegemea: hakuwaficha watu ndani ya wanyama. Kinyago cha simba kinakaa juu ya kichwa, na chini yake unamwona mtu, uso wake, jasho lake. Unawaona wote wawili kwa pamoja. Rafiki, yule mzee wa busara, jukwaani ni mwanamke, na anaanza mchezo kwa kuita kwa sauti ya Kusini mwa Afrika mpaka vinyweleo vinasimama. Sauti hizo za kwaya zimetokana na Lebo M wa Soweto, aliyeondoka kwao akiwa kijana wakati wa ubaguzi wa rangi. Nilivyosikia hivyo nikasema ndiyo maana. Mtu aliye mbali na kwao ana namna yake ya kuimba.

Kisha bibi akaniuliza, "Simba najua ni nini, na rafiki najua. Pumbaa ndiyo nini?"

Nikamweleza kwamba kupumbaa ni kuduwaa, akili kusimama, mtu yupo lakini kama hayupo. Ndiko anakotoka mpumbavu. Akacheka sana. "Kwa hiyo mwalimu wa hakuna matata jina lake ndilo hilo?" Na mimi nikacheka. Usiku sikulala.

Nieleze kwa nini. Miaka miwili iliyopita mzee wangu aliuza ng'ombe na viazi vya msimu mzima, akanikabidhi milioni moja na laki mbili nizipeleke chuo cha uuguzi alikochaguliwa mdogo wangu. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa mtu wa VIWAWA, nilikuwa naaminika. Njiani nikaweka laki kwenye mkeka, nikijua nitaizidisha halafu nirudishe. Ikaliwa. Nikaweka nyingine ili kuikomboa ya kwanza. Mnajua zilivyoisha. Sikurudi nyumbani. Nilishuka Tanga, nikapanda meli ya Pemba, nikabadilisha laini ya simu.

Mnaikumbuka hadithi. Simba mdogo anaamini amemuua baba yake, anakimbia, anakutana na akina Timon na Pumbaa wanaomfundisha kuuacha mzigo nyuma. Kwenye mchezo wa jukwaani wimbo huo ndio unaofunga sehemu ya kwanza. Wakati unaimbwa, mtoto anatoka na Simba anarudi akiwa mtu mzima. Miaka yote ile imekwenda ndani ya wimbo mmoja! Watu wanapiga makofi. Mimi yangu miwili imekwenda hivyo hivyo, nikitabasamu mapokezi, nimevaa kinyago ila wangu uso hauonekani.

Ila kuna kitu kwenye mchezo huo sikubaliani nacho, na nimekifikiria sana. Simba hana kosa. Aliyemuua Mufasa ni Scar, na mwisho ukweli unajulikana, mtoto anarudi kwao akiwa safi. Nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya sababu dunia haichoki kuutazama. Kila mmoja wetu angependa siku moja aambiwe kwamba ile hatia aliyoibeba alibebeshwa tu. Wapo wanaostahili kuambiwa hivyo, na wanaihitaji mno hadithi hii: waliotendewa mabaya wakiwa wadogo wakaamini wao ndio wabaya. Sasa sisi wengine je? Mimi hakuna baba mdogo aliyenidanganya. Nikirudi Lushoto nitakuta nilichokifanya kipo pale pale.

Nilidhani Injili iko upande wangu. Si Bwana Yesu mwenyewe alisema tusisumbuke, tutazame ndege na maua? Nikaenda kuisoma tena Mathayo sura ya sita. Anaowaambia ni watu wanaohangaikia chakula na mavazi ya kesho, na anawataka wautafute kwanza ufalme na haki yake. Haki! Hasemi kitu juu ya kusahau ya jana. Kutosumbuka ni kumwachia Mungu usichokiweza. Mimi nilikuwa nimemwachia mdogo wangu ninachokiweza.

Kwenye kuungama nilisema yote. Padre hakunifokea. Alinisikiliza, akanipa maondoleo, lakini kabla ya hapo aliniuliza swali moja tu: "Na hela?" Nikabaki kimya. Mwana mpotevu wa Luka alitapanya fungu lake mwenyewe, hata kaka yake aliyenuna hakupungukiwa kitu. Mimi nimetapanya fungu la mtu mwingine, na huyo mtu ameshinda mwaka mzima akiuza kabichi barabarani wakati wenzake wanavaa sare nyeupe. Baba anaweza kunisamehe ya kwake. Ya mdogo wangu hawezi kuyasamehe kwa niaba yake. Ndiyo maana siku hizi nampenda zaidi Zakayo, aliyesimama na kutaja hesabu.

Mpishi wetu ni mama wa Konde, Mwislamu, nami ni Mkristo peke yangu pale jikoni. Nilimsimulia nusu nusu, kana kwamba ni habari ya rafiki yangu. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata kichwa. "Mwanangu," akasema, "huku kwetu mtu akifa hutangazwa msibani, aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze kwa warithi. Deni halifi na mtu. Mwambie huyo rafiki yako asingoje kutangaziwa."

Alijua, bila shaka. Kina mama wa jikoni hawadanganyiki.

Nina laki nne na nusu nilizoweka. Hazitoshi. Jumapili iliyopita baada ya Misa nilikaa chini ya mkarafuu nje ya kanisa, nikapiga namba ya mama, ambayo kumbe naikumbuka kichwani. Ikaita mara tatu. Akapokea, nikataja jina langu, akanyamaza kidogo.

"Usikate," akasema. "Baba yako yuko bondeni anamwagilia. Na mdogo wako yuko hapa. Naanza kumpa nani?"

Nikasema nianze na mdogo wangu.