Wajane Waliosahauliwa

Mafungu ya kusoma: Matendo 6:1–7, Kumbukumbu la Torati 24:17–22, Ruthu 2:15, 16, Matendo 9:36–39.

Fungu la kukariri: Yakobo 1:27.

Wazo kuu: Mhitaji aweza kusahauliwa hata katika kanisa lenye upendo. Huruma ya Kikristo humtafuta, humsikiliza, na kuweka utaratibu ili asisahauliwe tena.

Hakuna aliyewachukia

Kanisa la Yerusalemu halikuwa kanisa la watu wachoyo. Waumini waliuza viwanja na nyumba, wakaweka thamani yake miguuni pa mitume, na kila mmoja akagawiwa kadiri ya hitaji lake. Luka anashuhudia kwamba hapakuwa na mhitaji miongoni mwao (Mdo. 4:34, 35). Hata hivyo, sura mbili baadaye tunasoma habari za wajane wanaokosa mgawo wao katika kanisa lile lile.

Soma Matendo 6:1. Ni wajane gani waliosahauliwa, na ni mambo gani yaliyokuwa yakitokea kanisani wakati huo?

Walikuwa wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani. Fungu halisemi kwamba mtu aliwachukia, wala kwamba chakula kilikuwa kidogo. Linasema idadi ya wanafunzi ilikuwa ikiongezeka, na wajane hao wakasahauliwa katika huduma ya kila siku. Kanisa lilikua upesi kuliko utaratibu wake. Aliyekuwa na lugha nyingine, tena hana mume wa kumsemea, ndiye aliyepitwa.

Ndivyo inavyotokea hata leo. Bibi aliyeletwa mjini na mwanawe hasikii vizuri Kiswahili, naye huketi kimya hadi ibada iishe. Ndugu kiziwi huona midomo ikicheza, asijue kinachotangazwa. Binti wa kazi za ndani hukimbia kurudi kwa mwajiri kabla watu hawajasalimiana. Mjane aliyekosa nauli hayupo Sabato ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Hakuna anayemchukia hata mmoja wao, lakini hakuna aliyewauliza hali zao.

Mganda uliosahauliwa

Soma Kumbukumbu la Torati 24:17–22. Mungu anawataja watu gani, na anawapa Waisraeli sababu gani ya kuwakumbuka?

Mgeni, yatima na mjane wanatajwa tena na tena. Mvunaji akisahau mganda shambani, asirudi kuuchukua, kwa kuwa ni wao. Kile ambacho mwenye shamba amekisahau, Mungu anampa mtu ambaye jamii imemsahau. Na sababu ni moja: Israeli nao walikuwa watumwa Misri, wakakombolewa. Mtu akikumbuka alikotolewa, hamwoni mhitaji kuwa mzigo.

Angalia pia jinsi Boazi alivyolitii agizo hilo (Ruthu 2:15, 16). Aliwaamuru vijana wake waangushe masuke kwa makusudi, Ruthu ayaokote, tena wasimwaibishe wala wasimkemee. Tunapomwita mama mbele ya kusanyiko lote apokee sukari na sabuni huku akipigwa picha, je, tumemsaidia bila kumwaibisha?

Malalamiko yaliyosikilizwa

Soma Matendo 6:2–7. Mitume walifanya nini waliposikia manung'uniko?

Hawakuwakemea walalamikaji kwamba wanaleta mgawanyiko. Waliyapokea malalamiko kama habari ya kweli, wakaliita kanisa lote, wakaomba wachaguliwe watu saba. Kazi ilikuwa kugawa chakula, lakini sifa zilizotakiwa zilikuwa za juu: kushuhudiwa mema, kujaa Roho na hekima. Huduma ya mezani haikupewa mtu yeyote tu aliyekosa kazi nyingine.

Tena majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Inaelekea kanisa liliikabidhi kazi hiyo kwa watu walioielewa lugha ya wajane wale na kujua mahali walipoishi. Matokeo yake yapo katika fungu la 7: neno la Mungu likaenea, na idadi ya wanafunzi ikazidi sana. Kuwalisha wajane hakukuizuia injili.

Dorkasi naye alifanya vivyo hivyo kule Yafa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao (Mdo. 9:39). Alitoa nguo, na alikuwa pamoja nao. Mwaka 1874 akina dada Waadventista wa Battle Creek, Michigan, nchini Marekani, walianzisha chama cha kuwasaidia wahitaji kwa jina la mama huyo, na hadi leo makanisa yetu mengi yana huduma ya Dorkasi.

Kila Sabato karani wa darasa huandika waliohudhuria. Kitabu hicho si cha kupata jumla ya kutangaza tu. Kila nafasi iliyo wazi ni mtu mwenye nyumba, afya na mahangaiko yake. Mchungaji mwema alihesabu kondoo zake, akaona tisini na tisa, akatoka kumtafuta yule mmoja. Darasa lenu nalo linapoona nafasi iliyo wazi, nani anatoka?

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kanisa lenu, ni nani wanaoweza kupitwa kwa sababu ya lugha, ulemavu, umri au kazi wanayofanya?

2. Mshiriki akilalamika kwamba amesahauliwa, kwa kawaida tunamjibuje? Mitume wanatufundisha nini?

3. Tunawezaje kumsaidia mhitaji kwa namna inayomlindia heshima yake?

4. Fungueni kitabu cha mahudhurio. Chagueni jina moja la mtu ambaye hajaonekana kwa majuma matatu. Nani atamtembelea kabla ya Sabato ijayo, na atakwenda siku gani?