Barua Isiyoweza Kusomwa Mbele Yao

Tuanze na deni.

Mapema mwaka wa 1783, jeshi la Marekani lilikuwa kambini karibu na Newburgh, kando ya mto Hudson, likingoja. Mapigano makubwa yalikuwa yameisha tangu Yorktown, Oktoba 1781. Mkataba wa awali wa amani ulikuwa umetiwa sahihi Paris mwezi Novemba 1782, ila habari zenyewe zilikuwa bado njiani. Askari hawakuwa wamelipwa kwa miezi na miezi. Maafisa walikuwa wameahidiwa na Kongresi, mwaka wa 1780, nusu mshahara maisha yao yote, lakini ahadi ilibaki karatasi. Na kila mtu pale kambini alielewa hesabu: amani ikitangazwa, mnarudishwa nyumbani, na mtu ambaye ameshafika kwao ni rahisi sana kumwambia aje kesho.

Kama umewahi kuandika kwa malipo, hiyo "njoo kesho" mnajuana nayo vizuri.

Lakini kilichonivuta kwa hadithi hii ni barua za wale waliokuwa wanalizungumzia hilo deni. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo nasoma vya bure, na Hifadhi ya Taifa ya Marekani imeziweka barua za waasisi wao kwenye intaneti bila malipo. Unazisoma kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Ukizifuata tarehe kwa tarehe, unakutana na swali ambalo sidhani limezeeka: je, ni haki kutumia hasira ya mtu anayedai haki yake ili upate jambo lako wewe, hata kama jambo lako ni zuri?

Alexander Hamilton alikuwa mjumbe wa Kongresi kutoka New York, kijana ambaye hajafika miaka thelathini. Wakati wa vita alikuwa msaidizi wa George Washington kwa miaka minne, akimwandikia barua zake. Alimjua mzee. Na alikuwa na jambo lake: Kongresi haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliweza tu kuyaomba majimbo 13, nayo yalitoa yalipojisikia. Pendekezo la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje lilihitaji kila jimbo likubali. Rhode Island ikakataa mwishoni mwa 1782, na mpango ukakwama. Serikali isiyoweza kukusanya kodi haiwezi kumlipa yeyote. Kwa hilo Hamilton alikuwa sahihi kabisa.

Hapo ndipo jeshi likaingia kwa hesabu. Mwisho wa Desemba 1782, Jenerali Alexander McDougall na maafisa wenzake wawili walifika Philadelphia na ombi la jeshi: tulipeni, tumevumilia ya kutosha. Wanasiasa waliotaka kodi wakaona mlango umefunguka. Gouverneur Morris, aliyekuwa naibu katika ofisi ya fedha, alimwandikia John Jay siku ya kwanza ya Januari akimkumbusha kwamba jeshi lina panga mkononi. Kisha akamwandikia Jenerali Henry Knox, akimshawishi jeshi liungane na watu wengine wote wanaoidai serikali, sauti iwe moja. Knox, ambaye aliacha shule akiwa mtoto na kuuza vitabu Boston kabla ya vita, hakuumeza huo mtego.

Mwezi Februari, Hamilton naye akamwandikia Washington. Ni barua ya adabu sana. Anasema madai ya jeshi, yakisukumwa kwa kiasi lakini kwa uthabiti, yanaweza kuwafanyia kazi wale wanaoongozwa na woga kuliko busara. Shida, anasema, ni kulizuia jeshi lenye uchungu lisivuke mpaka, na hiyo ni kazi ya Washington. Ila asionekane. Apitie watu wa siri, wenye busara. Tena anamchoma kidogo: kambini kuna mnong'ono kwamba mzee hawatetei watu wake kwa moto wa kutosha.

Hebu ipime hiyo barua. Sioni uongo ndani yake. Deni ni la kweli, njaa ni ya kweli, kodi inahitajika. Na bado kuna kitu kinanuka. Kinachonuka ni kwamba mpango mzima ulihitaji maafisa wasijue. Wao walidhani wanadai mshahara. Kumbe Philadelphia walikuwa wameshageuzwa rungu, na rungu haliulizwi linampiga nani wala litawekwa wapi likishamaliza kazi.

Niliwahi kuwa kwa grupu ya WhatsApp ya waandishi tuliokuwa tunadai kampuni moja. Mmoja wetu, mwenye mdomo mtamu, alijitolea kwenda kutuongelea. Alienda mara tatu, na kila mara alirudi na "wamesema mwisho wa mwezi". Baadaye tukasikia ameajiriwa palepale, ana meza na kiti. Simlaumu mtu kwa kutafuta kazi Nairobi. Lakini alipokuwa anasema ndani ya ile ofisi kwamba "wasee wamekasirika", hasira iliyowekwa mezani ilikuwa yetu, na aliyeketi kula alikuwa mmoja.

Najua jibu litakalokuja: bila presha hakuna anayelipwa. Kweli. Wala sisemi anayedai anyamaze eti ndio uungwana. Ombi la McDougall lilikuwa presha, na lilikuwa safi: wenye deni waliliandika wenyewe, wakatia sahihi, wakalipeleka mchana kwa aliyepaswa kulisoma. Nashuku ile presha ambayo mwenye deni haelewi imeelekezwa wapi.

Tarehe 10 Machi, karatasi isiyo na jina ikaanza kuzunguka kambini. Iliandikwa na Meja John Armstrong, msaidizi wa Jenerali Horatio Gates, lakini wakati huo msomaji hakuambiwa. Iliwahimiza maafisa waache maneno matamu: amani ikija, wasiweke silaha chini mpaka walipwe, vita vikiendelea, waondoke zao wakaiache nchi bila mlinzi. Ni maandishi makali, na mwenye njaa angeyapenda.

Washington akaitisha mkutano tarehe 15 Machi, katika ukumbi ambao askari wenyewe walikuwa wameujenga. Alihutubia, akawaomba wasichafue kwa siku moja kile walichokijenga kwa miaka minane. Inasemekana hotuba haikuwalainisha sana. Kisha akatoa barua ya Joseph Jones, mjumbe wa Kongresi kutoka Virginia, iliyoeleza ugumu uliokuwepo huko Philadelphia. Akaanza kusoma, akakwama kwa maneno. Akatoa miwani, kitu ambacho wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona nacho, akawaomba radhi: amepata mvi akiwatumikia, na sasa anaona macho nayo yanaisha. Wanaume waliopigana miaka yote hiyo wakalia. Alipotoka, walipiga kura kubaki waaminifu kwa Kongresi.

Wanahistoria hupenda ile miwani. Wengine wanasema ni maigizo, na huenda yapo. Mimi macho yangu yako kwa ile karatasi aliyokuwa ameishika. Mjumbe wa Kongresi amemwandikia jenerali kuhusu jeshi, naye jenerali anasimama na kuisoma mbele ya jeshi. Sasa jaribu kufikiri amevuta karatasi nyingine, ile ya Hamilton ya Februari, aisome kwa sauti: wakubwa wanafikiri uchungu wenu utawatisha watu wa majimbo, nami nimeombwa niuongoze bila nyinyi kunigundua. Haisomeki.

Kwangu kipimo ni hicho. Barua inayozungumzia shida ya watu, je, inaweza kusomwa mbele yao? Siyo kwamba kila siri ni dhambi. Daktari ana siri, mwanajeshi ana siri. Lakini ukiandika juu ya njaa ya mtu na unaomba sana asiione barua, kuna uwezekano mkubwa kwamba njaa yake imeshakuwa mali yako.

Washington alilisema jambo hilo kwa njia yake. Tarehe 4 Aprili alimwandikia Hamilton kwa faragha kwamba baadhi ya maafisa wakuu wameanza kushuku wanatumiwa kama vikaragosi ili kodi ya taifa ipatikane, na kwamba jeshi, kwa mateso liliyoyapitia, ni chombo cha hatari kukichezea. Hamilton akajibu siku nne baadaye, na hakukana. Alieleza kwamba kulipa wanaodai hakukutosha, ilibidi serikali iaminike tena, na dhiki za jeshi zilijitokeza kama chombo chenye nguvu. Nampa heshima kwa ukweli huo. Lakini angalia lugha: mmoja anasema chombo cha hatari, mwingine chombo chenye nguvu, na wote wawili wanamzungumzia mtu asiye na viatu.

Na huyo mtu alipata nini? Maafisa walibadilishiwa ahadi: badala ya nusu mshahara maisha yote, mshahara kamili wa miaka mitano, kwa hati za deni. Askari wa kawaida walianza kurudishwa nyumbani Juni 1783 wakiwa na ahadi ya hati za mishahara ya miezi mitatu, nazo kwa wengi zilichelewa. Mwezi huohuo mamia ya askari wenye hasira walilizunguka jengo la Kongresi pale Philadelphia, na Kongresi ikahamia Princeton. Miaka ilivyoenda, askari wengi waliuza hati zao kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, maana mtoto hali karatasi. Mwaka wa 1790 Hamilton, sasa Waziri wa Fedha, alitaka hati zilipwe kwa thamani kamili, kwa yeyote anayezishika sasa. James Madison akapendekeza askari wa kwanza naye akumbukwe kidogo. Akashindwa kura. Serikali ikaanza kuaminika, kweli, na lile rungu likawa limeshasahaulika nyuma ya mlango.

Ningeweza kuishia hapo, Washington akiwa mtu mwema wa hadithi. Lakini barua zake zinaendelea, na kipimo hakichagui.

Kwanza, aliyewaambia watu wasiolipwa wavumilie ni tajiri wa mashamba aliyekataa mshahara wa ujenerali, akadai gharama tu. Tuseme hilo linasameheka, maana siku tatu baada ya mkutano aliiandikia Kongresi akiwatetea waziwazi. La pili ni zito zaidi. Tarehe 28 Aprili 1783, siku 24 tu baada ya kumwonya Hamilton asicheze na jeshi, alimwandikia mfanyabiashara Daniel Parker aliyekuwa anaelekea New York. Alisema huenda baadhi ya watumwa wake wako huko, na kwamba angeshukuru sana Parker akiwapata na kuwashika ili arudishiwe. Tarehe 6 Mei alikutana ana kwa ana na Guy Carleton, kamanda wa Waingereza, kudai watumwa waliokimbilia upande huo. Carleton akasema walioahidiwa uhuru watapewa uhuru, na majina yao yataandikwa daftarini. Daftari hilo lipo hadi leo, lina majina takriban 3,000.

Mmoja wao ni Harry Washington. Alinunuliwa mwaka wa 1763, akatoroka Mount Vernon 1776, akapanda meli kutoka New York mwaka huo wa 1783 kwenda Nova Scotia, na 1792 akavuka kuja Sierra Leone.

Mshahara wa askari uliitwa deni, na nchi nzima ikatetemeka. Miaka 13 ya jasho la Harry haikuitwa chochote. Jenerali aliyesimama na kuwasomea maafisa barua yao asingeweza kusimama mbele ya Harry na kumsomea ile aliyomwandikia Parker. Katika wasia wake wa 1799 aliagiza watumwa aliowamiliki waachiliwe mkewe akifa. Natamani kuamini kwamba alikuwa ameanza kuisikia barua yake kwa masikio ya wale wanaohusika.

Leo wengi wetu hatuandiki barua. Tunatuma screenshot, tunafowadi, mtu anasimama juu ya gari na kusema "vijana wangu wana njaa". Vijana wake ni sisi. Tuna haki ya kumuuliza alisema nini juu yetu kule ndani, maneno kwa maneno. Nasi tukibeba shida ya mama mboga, ya mjengo, ya dada wa kazi, ili makala ipendwe au hoja ishinde, wao pia wana haki ya kutuuliza.

Mwaka wa 1800, huko Sierra Leone, kampuni iliyotawala koloni iliwatoza walowezi weusi kodi ya ardhi ambayo wao walisema hawakukubaliana nayo. Harry Washington alikuwa kati ya waliogoma. Alishikwa, akahukumiwa, akafukuzwa ng'ambo ya maji hadi pwani ya Bullom. Baada ya yote hayo, aliyeambiwa anadaiwa alikuwa yeye.