Siri ya Mfalme na Haki ya Raia

Abiria ashukaye gatini Mkoani, kisiwani Pemba, hulakiwa kwa swali kabla hajautua mzigo wake: habari za huko? Bandari ile ni mlango mkubwa wa kisiwa. Kwa meli huingia mchele na saruji, huingia wagonjwa warudio kutoka matibabuni, tena huingia maneno. Neno lililosikiwa Unguja asubuhi, jioni limekwisha kufika Chake Chake na Wete, nalo limeongezeka uzito njiani. Siku hizi simu ya mkononi huitangulia meli, lakini desturi ni ile ile. Wenyewe husema: lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.

Hatuwacheki watu wa Mkoani, maana kila mji wetu una gati lake. Twataka kuuliza tu: uvumi hupata wapi nguvu? Twaona ya kuwa huipata mahali palipo patupu, ambapo neno la kweli lilipaswa kukaa, likachelewa au likazuiwa.

Wapemba walijifunza jambo hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 meli MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaa kupita kiasi, nayo ikazama kabla ya mapambazuko ya tarehe 10, karibu na Nungwi. Miili iliyopatikana ilihesabiwa 203. Lakini nyumba ngapi zilikuwa na mtu ambaye hakurudi wala hakuzikwa? Orodha ya abiria haikuweza kujibu, maana waliopanda walikuwa wengi mno kuliko meli ilivyoruhusiwa. Basi kila baraza likafanya hesabu yake. Mwezi wa Januari 2012 taarifa ya uchunguzi ilitaja watu zaidi ya 1,500 kuwa wamekufa au kupotea. Hatumshitaki mtu kwamba alificha makusudi. Twasema tu kwamba kwa miezi minne wafiwa waliwahesabu wafu wao kwa kusikia, na wale waliodhani kwamba wafu ni wengi kuliko miili hawakukosea.

Pengo lile lilitokana na kutokujua. Liko pengo jingine, lichimbwalo kwa amri. Kuanzia tarehe 27 Septemba 2013 Serikali ililifungia gazeti la Mwananchi kwa siku 14, na gazeti la Mtanzania kwa siku 90. Miongoni mwa makosa ambayo Mwananchi lilishitakiwa nayo ni habari ya mwezi wa Julai juu ya mishahara mipya ya watumishi wa Serikali, iliyotoka katika waraka wa siri. Sheria iliyotumika ni ile ya Magazeti ya 1976, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Gazeti lilinyamaza siku zile, lakini swali halikunyamaza: ikiwa mshahara hutoka katika kodi ya mkulima, mbona hesabu yake iwe siri mbele ya mkulima? Amri ya kufunga gazeti haifungi midomo. Huihamisha habari tu, kutoka kwa mwandishi awezaye kuulizwa na kusahihishwa, ikaenda kwa redio mbao, isiyo na mhariri wala anwani.

Kanisa lafundisha nini? Kwanza, siri ni kitu cha heshima. Malaika Rafaeli, katika kitabu cha Tobiti, aisifu kazi ya kuitunza siri ya mfalme. Padre hawezi kuifunua siri ya kitubio hata akitishwa kwa upanga. Daktari, wakili na karani wa Serikali wana viapo vyao. Naye auzaye faili la mgonjwa, au mpango wa ulinzi wa nchi, ametenda dhambi, hata kama jirani zake wamshangilia.

Lakini malaika yule yule, papo hapo, aagiza matendo ya Mungu yatangazwe waziwazi. Basi yako mambo ya kufunika na yako mambo ya kufunua, wala mwenye mamlaka hakupewa ruhusa ya kuyachanganya. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu kupata habari za kweli juu ya mambo ya umma kuwa haki mojawapo ya binadamu. Katiba ya Tanzania ya 1977, katika Ibara ya 18, yaitambua haki hiyo.

Kipimo ni hiki: siri hii yamlinda nani? Yamlinda mnyonge, au yamlinda mkosaji? Askari waliolilinda kaburi la Bwana walipewa fedha na makuhani wakuu ili waseme kwamba mwili umeibiwa. Siri ya namna ile haikuwa siri ya mfalme; ilikuwa hofu iliyovikwa joho la utaratibu. Nasi wana wa Kanisa tusijitoe katika hukumu hiyo. Ukimya uliolinda jina la mtumishi wa altare, ukamwacha mtoto bila ulinzi, umelitia Kanisa jeraha kubwa, hata mwezi wa Desemba 2019 Baba Mtakatifu Fransisko akaiondoa siri ya kipapa katika mashauri ya namna hiyo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa wenye mamlaka, basi, twasema kwa heshima: semeni mapema, semeni hata lile chungu. Mwananchi aliyeambiwa ukweli mchungu huvumilia. Aliyefichwa hukisia, na makisio yake huwa mabaya kuliko ukweli wenyewe.

Kwenu ninyi, jamaa za Kikristu, neno letu si jepesi zaidi. Haki ya kujua si ruhusa ya kubuni. Yeye atawanyaye kwa simu karatasi yenye muhuri asioujua, akisema tu kwamba naye ameletewa, hajaepukana na amri ya nane. Na ajiulize kwanza: nalijua jambo hili, au nimelisikia tu? Ningeweza kulisema mbele ya huyo ninayemsema? Yoshua bin Sira atushauri tulizike moyoni neno tulilosikia juu ya jirani, maana halitatupasua.

Tena ukweli huanza nyumbani. Baba amtumaye mwanawe mlangoni amwambie mdai kwamba baba hayupo, amemfundisha mtoto kazi ya kudhibiti habari kabla hajajua kusoma. Mtoto huyo akija kuwa karani au waziri, tusishangae.

Jioni meli nyingine itafunga kamba Mkoani, na swali lile litaulizwa tena. Mwenyezi Mungu awajalie watawala wetu ujasiri wa kulijibu, nasi atujalie midomo isiyosema zaidi ya macho yetu yalivyoona.