Bodi ya Mikopo haiji mazikoni

Mwezi uliopita nilitoka Korogwe kwenda Handeni kuzika. Kabla ya jeneza kuinuliwa, msemaji wa familia akatangaza kama ada: anayemdai marehemu awaone warithi. Akajitokeza mwenye duka, deni la sukari. Moyo ukanidunda. Siku yangu, Bodi ya Mikopo atakuja nani kuisemea?

Nilisoma kwa mkopo wake. Wenzangu walioajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mimi nauza mahindi, sina mwajiri wa kunikata, nikajificha. Udhuru wangu ulikuwa mtamu: ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ni riba, basi silipi. (Ajabu! Riba niliiogopa, mali niliyokopa nikaila bila hofu.) Mwaka 2021 Rais Samia akaifuta asilimia ile. Udhuru ukafa, deni likabaki.

Na Mtume (s.a.w.) alikataa kumsalia maiti kwa deni la dinari chache tu, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba. Wapo wasemao mali ya serikali haina mwenyewe. Mwenyewe ni kijana wa Handeni anayepata nafasi chuoni akakosa mkopo, kwani marejesho yetu ndiyo hukopeshwa wengine. Huyo nitamwomba radhi wapi?

Mwenye dhiki ana haki ya kupewa muhula, hilo limo katika Surat al-Baqara, aya ya 280. Mimi magunia yangu yako ghalani. Jumatatu nimelipa fungu la kwanza. Lililobaki nimeliandika katika wosia, na mke wangu anajua ulipo.