Mbwa wa Shamba na Ujira Wake

Huko Majoreni, baina ya Shimoni na Vanga, mkulima wa mhogo na mahindi hupambana na nyani mchana na nguruwe mwitu usiku. Kwa hiyo hufuga mbwa, na akiweza humtafuta mbwa mkubwa, chotara asiyejulikana asili yake. Zamani za ukoloni walowezi walimwita mbwa wa namna hiyo "shenzi". Lakini nyani haulizi nasaba.

Wengi wa pwani ile ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Wako wadhanio kwamba hukumu hiyo yawaondolea wajibu kwa mnyama. Nionavyo mimi, wanachanganya mambo mawili. Udongo husafisha chombo, haulipi ujira. Dini hiyo hiyo yaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda mazao, na Hadithi yasimulia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kuteka maji kisimani kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu.

Ujira wenyewe ni nini? Maji, ugali wa jana, kivuli, na sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, maradhi ambayo dalili zake zikisha kumdhihirikia mtu, ni nadra mno kupona. Sindano ndiyo isahauliwayo. Mbwa mkubwa asiyelishwa huzurura, hupigana, na siku moja humwuma mtoto aendaye chuoni. Hapo mwenye shamba, aliyelala usiku kucha kwa ajili ya mlinzi huyo, huulizwa mbwa ni wa nani, naye hujibu: "Mbwa wa njiani tu."