Sitara ya Usiku
Katika jimbo la Texas, nchini Marekani, ambako nguruwe mwitu, walioanza kuletwa bara lile na Wahispania, huharibu mashamba, na sheria imeruhusu kuwawinda hata usiku, mwindaji anunuaye chombo cha kuonea gizani hukabiliwa na swali asiloulizwa na muuzaji: je, ni halali kumvua kiumbe sitara aliyojaaliwa na Mola wake?

Vyombo hivyo, kwa jumla, ni vya aina mbili. Kimoja hukusanya mwanga hafifu wa nyota na kuuzidisha maelfu ya mara, hata mandhari ikadhihiri, aghalabu kwa rangi ya kijani. Cha pili hakihitaji nuru kamwe, kwani hupokea joto litokalo mwilini. Hiki cha pili ndicho kinitiacho wasiwasi, maana hukuarifu kwamba pale pana uhai, lakini kwa masafa marefu huenda kisikubainishie kama ni nguruwe, ndama wa jirani, au mwanadamu. Na yakini ya kuwapo kitu si yakini ya kukijua. Basi akusudiaye kuua, naona ni wajibu wake achague chombo kwa uwezo wake wa kupambanua, wala si kwa umbali unaosifiwa madukani, na asifyatue risasi ila shaka imemwondoka. Ama yule atakaye kutazama bundi na popo tu, dhima yake ni nyepesi, na chombo cha bei nafuu chamtosha, mradi asikielekeze kwenye madirisha ya watu.